Ungo Mgongoni mwa Birindwa

"Mama Josiane, kwani vita ilikuwa inawachekesha?"

Aliyeuliza ni Jemimah, jirani wa mlango wa pili, Jumamosi moja asubuhi, kasimama katikati ya sebule na sahani ya chapati mkononi. Jemimah ni Mkenya. Alikuja Louisville, Kentucky, kusomea uuguzi, kazi ikamweka. Hakuuliza kwa ubaya. Alileta chapati kama ilivyo kawaida yake, akakuta kopo la zamani la maziwa ya unga limefunguliwa juu ya meza, na pembeni vipande vitatu vya katoni vya saizi ya kiganja, vimechorwa na kupakwa rangi. Akaokota kimoja.

Kuku jike anakimbia, godoro kichwani, sufuria imefungwa mkiani. Nyuma yake vifaranga saba, kila kifaranga kabeba kikombe chake. Mbele yao njia panda na kibao: HUKU RISASI, HUKU MVUA. Kuku amechagua mvua, na usoni amekasirika kabisa, kama mama aliyeamshwa mapema.

Jemimah alicheka mpaka chapati zikataka kumwagika. Kisha akageuza nyuma, akasoma: *Clémence yuko muzima. Mutoto Josiane yuko muzima. Baba Josiane hatujui.* Kicheko kikakatika. Ndipo akauliza lile swali.

Clémence, ndiye Mama Josiane, alipokea sahani, akaifunika. "Kaa kwanza, Jemimah. Ile ulizo ni ya kukaa chini."

Wakakaa. Clémence alitazama yule kuku, akatazama dirisha, akatazama tena kuku.

"Nitakujibu siku ingine," alisema. "Leo tukule chapati."

Kopo lilifunguliwa kwa sababu ya Miss Lorraine. Clémence anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Shively. Anawaogesha, anawavisha, anawalisha wasioweza kushika kijiko, na kwa wale waliokwisha kusahau kila kitu anaimba taratibu nyimbo za kanisani, maana wimbo, asema yeye, hauulizi mtu leo ni tarehe gani. Miss Lorraine hajasahau kitu. Ana miaka tisini na sita na ulimi wa wembe. Ijumaa ile alimwomba Clémence amshushie albamu moja iliyokuwa juu ya kabati.

Ndani yake zilikuwa kadi ambazo kaka yake mkubwa alizituma kutoka vitani, Miss Lorraine alipokuwa binti wa shule. Kadi za kuchapishwa, za kuchekesha, zilizouzwa kwa askari wakati ule kama vile peremende. Moja ilikuwa ya askari mwembamba amekaa juu ya mlima wa viazi, anamenya kwa kisu kidogo kama kucha, na chini yake maneno: *Usihofu, Mama, adui bado sijamwona, viazi vimeniziba macho.* Nyingine ya mbwa aliyevaa kofia ya chuma, masikio yametokea pembeni. Josiane, binti yake Clémence, hakuwepo kutafsiri, lakini picha za namna hii hazina haja ya mtafsiri. Clémence alicheka mpaka akashika ubavu. Miss Lorraine naye akacheka. Kisha akageuza ile ya mbwa na kuweka kidole kwenye mistari miwili ya kalamu iliyofifia. Niko mzima. Jina la kaka. Ilikuwa ya mwisho, baada yake haikuja nyingine.

Clémence alirudi nyumbani kwa mabasi mawili, mkoba mapajani, akafika akafungua kopo. Kwa nusu ya maisha yake alidhani yeye peke yake duniani ndiye aliyefanya jambo kama lile.

Maana Clémence alisoma mpaka darasa la sita, basi. Mengine alifundishwa na baba yake, aliyekuwa akichora vibao vya saluni na vya wauza nyama kule Bukavu. Alimshikia baba kopo la rangi tangu utoto, akajua kwamba ng'ombe wa kibao cha nyama lazima atabasamu, la sivyo watu wanapita tu. Vita ilipokuja, baba alibaki kule kule. Clémence akafika kambini Uganda na mtoto, bila mume, bila kopo. Mkono tu ndio aliokuja nao.

Biskuti za msaada zilikuwa zikija ndani ya katoni ngumu. Watu walizitandika chini wakalalia. Clémence alikata kipande kwa wembe, akachora kwa biki nyeusi. Nyekundu aliipata kwenye unga wa tofali uliokorogwa na maji ya uji, kijani kwenye majani ya maharagwe, buluu kwenye ile ya kufulia mashati meupe. Mbele kichekesho, nyuma majina ya walio hai. Dereva wa lori, muuguzi, mhubiri, yeyote aliyekuwa akienda kambi nyingine alipewa kadi aende nayo, na huko ikapita mkono kwa mkono mpaka imfikie ndugu. Haikupita muda, watu wakawa wanapanga mstari mlangoni pake.

"Mama Josiane, unichore na miye. Lakini tumbo upunguze."

"Tumbo gani? Huku kuko mutu ya tumbo?"

"Basi uongeze, wajue tunakulaka!"

Halafu aliacha. Siku moja aliweka biki chini, na kwa miaka kumi na sita hakuishika tena kwa kuchora. Josiane alikua akijua tu kwamba kuna kopo ambalo halichezewi.

Jumatatu, Clémence aliporudi kazini, alimuuliza Miss Lorraine swali la Jemimah, kwa Kiingereza chake cha kuokota: mama yako, hizi kadi zilimchekesha? Miss Lorraine alifikiri. Akasema barua za kawaida za kaka yake mama alizifungia sandukuni na hakuna aliyeziona. Lakini ile ya viazi aliibandika ukutani juu ya jiko, na kila aliyeingia, mpaka mleta maziwa, alionyeshwa: mtazame kijana wangu, bado yuko.

Jioni Clémence aligonga mlango wa pili.

"Jemimah, jibu yako nimepata. Barua ya kilio mutu anaficha mufukoni. Ya kucheka anaonyesha kila mutu. Na sisi tulikuwa tunataka kila mutu ajue tuko wazima. Njo maana tulicheka."

Jemimah aliegemea mlango. "Sasa mbona uliacha?"

"Weye unapendaka maulizo," Clémence akamwambia, akarudi kwake.

Binti yake Miss Lorraine husaidia kwenye maktaba ndogo ya mtaa. Alipoziona zile kadi tatu za katoni, ambazo Clémence alimpelekea Miss Lorraine azione, karibu na za mjomba wake, aliomba zote ziwekwe pamoja kwenye kabati la kioo, watu waje waone. Akauliza kama kuna nyingine. Josiane akaandika kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kanisa. Siku ya pili sauti ikaingia kutoka Columbus.

"Mama Josiane! Miye nasema umekufa, kumbe unanenepa tu kule Kentucky! Ni miye Theogene, mwalimu wa katekisimu. Niko na kadi zako kumi na moja, zote nilichunga. Na ile ya ungo iko. Bon, unipigie."

Josiane alifurahi, akapiga makofi. Mama yake alikaa kwenye kiti cha jikoni na koti lake la kazi, hakulivua.

Kadi ya ungo ni hii. Birindwa alikuwa jirani yao kule nyumbani, kijana mwenye masikio makubwa. Walipokimbia, mama mkwe wake, M'Bagula, yaani binti Bagula, alikuwa mzee na mguu umevimba. Sasa, kwao mama mkwe ni mtu wa heshima nzito. Mume wa mtoto wake hamtazami usoni, hali naye sahani moja, na kumgusa ni mwiko. Lakini mchana ule, mvua inanyesha na milio inakaribia, Grâce, mke wa Birindwa, alikuwa ametangulia na watoto. Birindwa aliinama, akafumba macho, akambeba mama mkwe mgongoni. Siku tatu. Aliyewaona ni Clémence peke yake, kwa sababu alikuwa nyuma yao njiani.

Kambini akaichora. Birindwa anakimbia, macho kayafumba, anakaribia kugonga mgomba. M'Bagula mgongoni, ametazama nyuma kwa adabu, mwavuli mkononi. Na katikati yao, kati ya mgongo na kifua, ungo mkubwa wa kupepetea maharagwe, ili mtu asimguse mkwe. Nyuma ya kadi aliandika: *Birindwa yuko muzima. M'Bagula yuko muzima.* Kambi nzima ilicheka. Kadi ikaenda na lori.

Theogene, aliyekuwa kambi ile nyingine, aliisoma mbele ya watu baada ya maombi. Kaka zake M'Bagula walikuwepo. Wakajua dada yao yu hai na yuko wapi, wakasafiri, wakamkuta mgonjwa, wakakaa naye siku nne, akafa. Lakini walikuwa wameiona na ile sura ya mbele. Siku ya mazishi walimzuia Birindwa. Aliyemgusa mkwe, wakasema, hatatupa udongo kaburini mwake. Clémence alimwona kwa mbali amesimama barabarani, kofia mkononi, peke yake, watu wanaimba. Toka siku ile hakuchora. Birindwa naye alipata safari ya Buffalo, akaondoka bila kumuaga.

"Mama, iweke tu," Josiane alisema kwa Kiingereza. "Louisville hakuna anayemjua huyo baba."

"Mara ya kwanza pia nilisema hakuna mutu atamujua," Clémence akajibu. "Sitamufanyia mara mbili. Nitaenda nimuulize. Akikatala, tunaichoma."

Aliomba ruhusa kazini, akafunga siku mbili kwa maombi. Alfajiri ya Jumamosi Josiane akawasha gari.

Columbus, Theogene aliwapokea kwa kelele na chai ya maziwa. Ni mzee sasa, meno mawili yameondoka, lakini mdomo haujapungua kitu. Alileta mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nne, akapanga kadi juu ya kochi moja moja, na kila moja akaisoma nyuma kwa sauti ya kanisani, kama zamani. Wengine waliotajwa mle wako Columbus hapo hapo. Wengine hawako tena mahali popote.

Akampa ile ya ungo mwishoni.

"Uende naye pole pole," alimwambia, sasa bila kelele. "Tangu tuko huku, Birindwa hajaweka muguu ku kilio ya mutu. Mutu akikufa, anatuma chakula, anatuma muke yake. Ku kaburi haendake."

Clémence aliitia kadi ndani ya Biblia yake. Njia yote ya kwenda Buffalo aliishikilia mapajani, na Josiane alipomuuliza kama anasali, alisema hapana, nashika tu.

Nyumba ya Birindwa iko mtaa wa Lower West Side, nyumba ya mbao yenye ngazi za nje. Walifika Jumapili baada ya ibada, wakiwa wamelala kwa dada mmoja wa kanisa. Grâce aliwafungulia, akamkumbatia Clémence. Ndani kulinukia sombe, kisamvu cha kwao. Birindwa alitoka chumbani na shati la ibada, mabega mapana, mvi kichwani, na masikio yale yale.

"Karibu, Mama Josiane," alisema, macho yako kwenye zulia.

Grâce aliweka bugali mezani. Clémence hakuosha mikono. Alipiga magoti pale pale mbele ya meza.

"Nimekuya na neno moja, nitalisema mbele ya chakula—"

"Mama, inuka," Grâce akamshika mkono. "Huku sakafu ni baridi, utapata ugonjwa ya magoti, na miye sitakubeba!"

Neno likamtoka kabla ya kulifikiri. Kubeba. Grâce akafunika mdomo. Clémence akabaki chini.

"Nilikuchora bila kukuuliza, Birindwa. Kitu Mungu peke yake alikuwa amekiona, miye nilikionyesha kambi mbili. Wakakufukuza ku kaburi sababu ya mukono yangu. Sasa watu ya maktaba wanataka ile picha. Ukikatala, iko hapa, uichome weye mwenyewe."

Birindwa alinyoosha mkono. Clémence akaitoa kadi ndani ya Biblia. Yule baba akatafuta miwani, akaivaa, akaketi. Alitazama muda mrefu mpaka bugali ikaanza kupoa. Kisha pua yake ikapiga kama mtu anayezuia chafya.

"Haya masikio," alisema. "Ulinionea."

"Sikuongeza kitu," Clémence akasema kwa sauti ndogo.

"Unajua ni nini inaniumaka mu hii picha?"

"Aibu niliyokuletea."

"Hapana. Ungo." Aligonga kadi kwa kidole. "Ungo haikukuwa, Mama Josiane, hakukuwa kitu katikati yetu. Weye ulikuwa nyuma yetu. Uliona."

"Niliona," Clémence alisema. "Niliweka ungo ili watu wacheke ungo. Nilisema, wakiona ungo hawatauliza mengine. Nilitaka kukufunika."

"Wajomba ya Grâce, njo ungo waliuliza. Walinivuta pembeni, donc, wakasema: bwana, hii ungo ilikuwa kweli? Sema ndiyo tu, uje utupe udongo, tumalize. Pasta alikuwa pale. M'Bagula alikuwa mu sanduku pale. Nitadanganya mbele ya nani? Nikasema haikukuwa. Nilimubeba kifua yake ku mugongo yangu kama mutoto. Wakanisimamisha ku barabara." Alivua miwani. "Na tangu ile siku kila mutu ananiambia: aa, Birindwa, muzee ya ungo! Wanacheka, nacheka nao. Kaburi niliikosa sababu ya kusema haikukuwa, na bado dunia nzima inasema ilikuwa."

Ni Grâce aliyesema, amesimama bado na mwiko mkononi. Kwa miaka yote hawakuwahi kuligusa neno lile wao wawili, maana nalo lilikuwa sehemu ya ule mwiko wa mkwe.

"Mama alikuwa anakulalia ku shingo?"

Birindwa alitazama dirisha. "Alikuwa analala kabisa. Mate yake ilikuwa inanishukia ndani ya shati. Mwepesi, Grâce. Alikuwa mwepesi mpaka niliogopa, nilikuwa nasimama kusikiliza kama anapumua bado. Na mwavuli aliniwekea miye. Yeye mvua ilimupiga."

Grâce alikaa chini, akalia taratibu na mwiko mapajani. Clémence, ambaye alikuwa bado kwenye magoti, alisogea mpaka akamfikia.

Baadaye Birindwa alisema, "Chora ingine. Bila ungo."

"Mukono yangu imelala miaka kumi na sita."

"Na muguu yangu miye pia. Chora."

Katoni ilipatikana jikoni, ya yale mahindi makavu ya kula na maziwa asubuhi. Grâce aliikata kwa kisu cha nyama. Josiane alitoa biki kwenye mkoba. Mstari wa kwanza ulitetemeka ukawa kama nywele, Clémence akaufuta kwa kidole, ukawa mvua. Akaendelea. Birindwa yule yule, macho kafumba. M'Bagula kamlalia shingoni, mdomo wazi, tone la mate linaning'inia. Mwavuli uko juu ya kichwa cha Birindwa, na mama mkwe analoa.

"Nisitie kicheko?" aliuliza.

"Tia," Birindwa alisema. "Mutu akituona tunalia tu, atapita. Lakini masikio yangu, ile unaweza kuacha nje kabisa."

"Bila masikio nani atajua ni weye?"

"Na ungo imeenda wapi?" Grâce akauliza, anapangusa uso kwa kitenge. Clémence akafikiri kidogo, akauchora nyuma kabisa, umetupwa kwenye maji ya barabara, na chura ameketi ndani anapiga kasia. Josiane ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Grâce. Birindwa alicheka mwisho, na akachelewa kuacha, mpaka bugali ikabidi ipashwe tena.

Clémence aligeuza katoni, akaandika nyuma: *Birindwa yuko muzima.* Kwenye mstari wa pili mkono ukasimama, kwa maana neno la zamani lisingeweza kurudi pale. Birindwa akamwondolea biki vidoleni, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: *M'BAGULA NILIMUBEBA.*

Wakala, kisha Birindwa akazitia kadi zote mbili mwenyewe ndani ya Biblia ya Clémence. Kabla hawajaondoka, Grâce alisema kwamba Jumamosi inayokuja kuna mazishi ya mama mmoja wa kanisani. Birindwa alikuwa akivaa viatu ili awasindikize garini. Akafunga kamba ya pili, akauliza koti jeusi liko wapi.

Wiki ile, pale maktaba, binti yake Miss Lorraine alikuwa na karatasi na kalamu, anataka kujua aandike nini chini ya kila kadi, na jina la mchoraji liandikwe vipi. Za kaka wa mama yake zilikuwa zimekwisha pangwa, askari juu ya viazi vyake, mbwa na kofia yake. Clémence aliweka mbili zake kando ya yule mbwa, akazisogeza mpaka zikagusana. Josiane akatafsiri neno kwa neno, wala hakuongeza kitu:

"Naomba muziweke zote mbili pamoja, ile ya ungo na ile ya bila ungo, na zisimame, ili watu wasome na nyuma. Jina yangu si lazima. Muandike tu kwamba ungo haikukuwa."